Kufifisha Mng'ao au Kung'arisha Ngozi? Lugha na Matunzo ya Uso Katika Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaiwe na sura ya nje. Katika duka la vipodozi, hata hivyo, methali hiyo hutimia kwa maana yake ya wazi kabisa: kopo huwa limepambwa kwa picha ya uso mwororo, ilhali kilichomo ndani chaweza kuwa unga usio na madhara, chaweza kuwa dawa inayohitaji uangalifu, na chaweza kuwa sumu. Mara nyingi kinachomwongoza mnunuzi kuchagua kopo moja na kuliacha jingine ni neno moja tu, ama lililoandikwa juu ya kopo hilo, ama lililotamkwa na muuzaji.

Makala haya yanaeleza jinsi bidhaa za kupunguza mng'ao wa uso na kufanya vinyweleo visionekane sana zinavyofanya kazi, na jinsi zinavyopaswa kutumiwa katika mazingira ya Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana. Aidha, yanaonyesha kwamba Kiswahili cha dukani kinakusanya mambo manne tofauti chini ya maneno machache yanayofanana, na kwamba mkanganyiko huo una athari kwa afya ya watu. Hoja kuu ni kuwa kufifisha mng'ao na kung'arisha ngozi ni vitendo viwili visivyohusiana. Anayetaka kimoja akauziwa kingine hupoteza zaidi ya fedha zake.

Mazingira ya Lodwar na Kakuma

Mji wa Lodwar, ulio makao makuu ya Kaunti ya Turkana, uko kando ya Mto Turkwel katika mwinuko wa takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko katika mwinuko unaozidi mita 1,600. Tofauti hiyo ya mwinuko huhisika usoni kabla ya kitu kingine chochote. Mchana joto la Lodwar hufikia nyuzi 35 za Selsiasi katika sehemu kubwa ya mwaka, nayo mvua ni haba, takriban milimita 200 kwa mwaka. Upepo mkavu huvuma na kubeba vumbi kutoka katika nyanda zisizo na nyasi.

Kakuma iko umbali wa takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, katika barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani yake yakafunguliwa mwaka 2016. Humo mna watu waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia, Burundi, Sudan, Uganda na Rwanda, pamoja na wenyeji Waturkana wanaofanya biashara nao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, ulikuta Kakuma zaidi ya biashara 2,000. Katika masoko ya namna hiyo, vipodozi hupangwa rafuni pamoja na sukari, betri na kadi za simu. Kiswahili ndicho daraja la wengi: Mturkana aliyejifunza shuleni, Mkongo aliyezaliwa nacho Uvira au Bukavu, na Msomali aliyekiokota sokoni hukutana hapo, kila mmoja akiwa na Kiswahili chake.

Mazingira hayo yana mambo matatu yanayogusa ngozi moja kwa moja. La kwanza ni joto. Joto la ngozi likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, kiasi cha mafuta yanayotoka katika ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. La pili ni ukavu wa hewa, ambao huifyonza ngozi maji yake. La tatu ni uhaba wa maji ya kunawia. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini kwa matumizi yote: kunywa, kupika, kufua na kuoga. Kwa hiyo, ushauri wowote wa matunzo ya uso unaomtaka mtu anawe mara tano kwa siku haukuandikwa kwa ajili ya mkazi wa Kakuma.

Ngozi na mafuta yake

Chini ya uso wa ngozi mna tezi ndogo ndogo zinazotengeneza mafuta. Katika paji la uso, puani na kidevuni tezi hizo ni nyingi mno, mamia kwa kila sentimita moja ya mraba. Mafuta hayo hupanda kupitia kitundu kile kile unamochipuka unywele, kisha hutandaa juu ya ngozi. Kazi yake si kumuudhi mwenye uso. Huilainisha ngozi, huzuia maji yasipotee upesi, na husaidia kuikinga dhidi ya vijidudu. Ngozi isiyo na mafuta kabisa hupasuka na kuwasha, hasa katika upepo wa Turkana.

Mng'ao hutokea mafuta yanapozidi na kuwa utando laini. Uso uliotandwa hivyo huurudisha mwanga wa jua kwa pamoja, kama maji yaliyotulia, badala ya kuutawanya kila upande. Katika ngozi nyeusi mng'ao huo huonekana zaidi kwa sababu ya tofauti iliyopo kati ya mwanga unaorudi na rangi inayouzunguka. Hii haina maana kwamba ngozi nyeusi ni chafu wala kwamba ina kasoro. Ni kanuni ya mwanga tu.

Kinyweleo, kwa upande wake, ni mlango wa kile kitundu. Huonekana kikubwa kwa sababu kadhaa: urithi wa mtu, wingi wa mafuta yanayopita, kuziba kwa mafuta yaliyochanganyika na seli zilizokufa, na kulegea kwa ngozi inayokizunguka kutokana na umri au kuunguzwa na jua kwa miaka mingi. Ikumbukwe kwamba kinyweleo hakina msuli. Kwa hiyo, hakifunguki kwa mvuke wala hakifungiki kwa maji baridi, kinyume na inavyosemwa mara kwa mara. Hali kadhalika, kile kidoa cheusi kinachoonekana katika kinyweleo kilichoziba si vumbi la Lodwar. Ni mafuta na seli zilizobadilika rangi baada ya kukutana na hewa, na hakuna kiasi cha kusugua kitakachokiondoa bila kuiumiza ngozi.

Kutokana na maelezo hayo, bidhaa yoyote inayoahidi kuviondoa vinyweleo inaahidi lisilowezekana. Linalowezekana ni mambo mawili: kupunguza mafuta yaliyo juu ya ngozi, na kuviweka vinyweleo vikiwa havijaziba ili visionekane sana.

Mng'ao katika mila za urembo

Si kila jamii imeuona mng'ao kuwa jambo la kuondolewa. Miongoni mwa Waturkana wafugaji, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu yametumiwa kupaka ngozi, shanga na mavazi ya ngozi. Mwili uliopakwa vizuri huashiria afya, shibe na kujitunza, na ukavu wenye rangi ya majivu ndio unaotazamwa kuwa dalili ya kukosa. Mila hiyo ina mantiki yake, kwani katika hewa kavu mafuta huzuia maji ya ngozi yasipotee.

Wasomali nao wamekuja Kakuma na qasil, unga wa majani makavu ya mkunazi. Unga huo ukichanganywa na maji hutoa povu, kwa kuwa majani hayo yana viambata vya asili vinavyofanya kazi kama ya sabuni. Hupakwa usoni, huachwa kwa muda mfupi, kisha huoshwa, na mafuta ya ziada huondoka nao. Mkunazi wenyewe si mgeni Turkana. Huota kandokando ya mito, na matunda yake huliwa. Katika pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, liwa ya msandali husagwa juu ya jiwe na kupakwa usoni, ikaacha utando mkavu wenye harufu nzuri.

Mifano hii inaonyesha kwamba jamii za eneo hili zilikwisha kutofautisha kulainisha ngozi na kuisafisha mafuta ya ziada. Kilichofanywa na biashara ya kisasa ni kuongeza jambo la tatu, yaani kubadilisha rangi, na kulificha chini ya maneno ya yale mawili ya kwanza.

Bidhaa na utendaji wake

Bidhaa zinazofifisha mng'ao na kupunguza kuonekana kwa vinyweleo zaweza kugawanywa katika makundi manne kwa kuzingatia namna zinavyofanya kazi.

(i) Bidhaa zinazofyonza. Hizi ni poda za uso na vinyago vya udongo mweupe, yaani kaolini. Chembe zake hufyonza mafuta na kuutawanya mwanga, hivyo uso huacha kumetameta. Matokeo yake huonekana papo hapo na hudumu kwa saa chache. Hazibadilishi utendaji wa tezi. Poda ipakwe kidogo, kwa kugusishwa na si kwa kusuguliwa, na mtu aepuke kuivuta puani. Kinyago cha udongo kinatosha mara moja kwa juma. Katika hewa kavu kisiachwe hadi kipasuke usoni.

(ii) Bidhaa zinazojaza. Hizi ni krimu za kutangulia vipodozi vingine, ambazo mara nyingi huwa na silikoni. Huviziba vishimo kwa utando laini usio na rangi, nao uso huonekana sawasawa. Nazo ni za muda. Zikioshwa, vinyweleo huonekana kama vilivyokuwa.

(iii) Bidhaa zinazozibua. Iliyo maarufu ni asidi ya salisili, ambayo huuzwa katika kiwango cha kati ya asilimia 0.5 na 2. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, huingia ndani ya kinyweleo na kulegeza kilichokiziba. Mtumiaji aanze mara mbili au tatu kwa juma, na matokeo yasitarajiwe kabla ya majuma kadhaa.

(iv) Bidhaa zinazogusa utendaji wa ngozi. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, imeonekana kupunguza mafuta ya uso hata katika kiwango cha asilimia 2, na kwa kawaida haiudhi ngozi. Adapalini, iliyo katika jamii ya dawa zitokanazo na vitamini A, huzuia vinyweleo visizibe na hutumiwa hasa kwa chunusi. Hii ni dawa. Isitumiwe na mwanamke mjamzito, na yafaa mhudumu wa afya aulizwe kwanza.

Kuna jambo moja ambalo maelezo ya viwandani hulitaja kwa herufi ndogo, na ambalo Turkana ni jambo kubwa. Krimu nyingi huagizwa zihifadhiwe mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25 au 30. Duka la mabati la Kakuma hupita kiwango hicho kabla ya adhuhuri, na lori litokalo Kitale hupita kiwango hicho njiani. Krimu iliyokaa katika joto hilo kwa miezi hutengana, maji upande huu na mafuta upande ule, na viambato vyake hudhoofika. Krimu iliyobadilika harufu, rangi au uzito isitumiwe hata kama tarehe yake haijapita. Kwa mintarafu hii, poda na udongo, ambavyo havina maji, huhimili mazingira hayo kuliko krimu, nazo kwa kawaida ni nafuu zaidi.

Maneno manne na mkanganyiko wake

Mtu aliyeelewa makundi hayo manne bado hana budi kuyataja dukani. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu maneno anayoyatumia yamebeba maana zaidi ya moja.

Neno la kwanza ni mafuta. Nchini Kenya mafuta ni yale ya kupikia, ni yale ya kujipaka, na ni yale yanayotoka katika ngozi yenyewe. Muuzaji akitaka kueleza losheni isiyoongeza mafuta usoni, hujikuta akisema "mafuta yasiyo na mafuta," naye mnunuzi hucheka au huondoka. Ingefaa basi tofauti izingatiwe: losheni au krimu kwa kitu kinachopakwa, na mafuta ya ngozi kwa kile kinachozalishwa na tezi. Ile sifa muhimu inayotajwa katika bidhaa nyingi, kwamba hazisababishi kuziba, inaelezeka bila tabu yoyote kama krimu isiyoziba vinyweleo. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ina uwazi. Asikiaye huielewa bila kufunzwa.

Neno la pili ni kukausha. Husemwa kwamba sabuni fulani "inakausha uso," nalo husemwa kama sifa. Lakini ukavu ni upungufu wa maji, si upungufu wa mafuta. Katika hewa ya Lodwar ngozi yaweza kuwa na mafuta mengi juu na maji machache ndani kwa wakati mmoja. Mwenye ngozi ya namna hiyo akitumia sabuni kali ya kufulia ili "kukausha," huondoa kinga na kuacha mwasho. Katika ngozi nyeusi mwasho huo hauishi bure, kwani mahali palipoumia huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi. Neno sahihi ni kuondoa mafuta ya ziada, na kipimo chake ni kwamba uso ulionawishwa vizuri haupaswi kuvuta wala kubana.

Neno la tatu ni kinyweleo. Limetokana na nywele, na wengi hulitumia kwa unywele mdogo wa mwilini na pia kwa kitundu chake. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa "apunguze vinyweleo" anaweza kwenda kununua dawa ya kunyoa. Pale ambapo utata unaweza kutokea, kitundu cha kinyweleo chafaa zaidi. Aidha, kisemwe kile kinachowezekana: kupunguza kuonekana kwa vitundu, wala si kuvipunguza vyenyewe au kuvifunga.

Neno la nne ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, nalo ni kung'arisha. Kisarufi, kung'aa, kung'ara, kung'arisha na mng'ao ni ndugu. Anayelalamika kwamba uso wake unang'aa mno anaweza kuamini kwamba tiba yake imo katika bidhaa zinazotaja mng'ao. Lakini katika matangazo ya vipodozi kung'arisha ngozi hutumiwa kama tafsida ya kuifanya nyeupe. Kiswahili kina majina ya kitendo hicho yasiyo na tafsida: kujichubua na, hasa Tanzania, mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu unaokorogwa kwa ajili hiyo. Majina hayo yana ukali na yanaonya. Biashara iliyaepuka, ikachagua neno la jamii ya nuru.

Mkanganyiko huo haumo katika Kiswahili peke yake. Makopo yanayofika Kakuma yameandikwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Katika Kifaransa, bidhaa ya kufifisha mng'ao huandikwa "matifiant," na ile ya kufanya ngozi nyeupe huandikwa "éclaircissant." Mkongo aliyesoma Kifaransa huona tofauti mara moja. Mturkana au Msomali aliye kando yake haoni. Katika Kiingereza, "brightening" hutumiwa na kampuni kwa maana zote mbili. Pasipo neno la Kiswahili linalotenganisha, muuzaji hutafsiri yote mawili kwa "inang'arisha," na makopo mawili yenye kazi tofauti huwa bidhaa moja.

Katika fani ya uundaji wa istilahi, husisitizwa kwamba istilahi nzuri iwe sahihi, fupi na yenye uwazi. Kufifisha mng'ao kunatimiza masharti hayo. Kitenzi kufifisha kimo katika lugha tangu zamani, hueleza kupunguza nuru bila kuizima, na hakidokezi rangi. Hakihitaji kutoholewa wala kukopwa. Kinahitaji kutumiwa tu.

Gharama ya neno lisilo sahihi

Bidhaa za kuchubua zilizo hatari huwa na mojawapo ya vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki huzuia utengenezaji wa rangi ya ngozi, lakini huingia mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Huhama kwa mikono, taulo na mashuka hadi kwa watoto wa nyumba hiyo, na kwa mama mjamzito humfikia aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye rangi ya samawati, ambayo ni vigumu kuyatibu. Hivyo aliyetafuta weupe huishia na weusi usiokuwa wake.

Steroidi ni hatari kwa namna ya hila zaidi. Katika majuma ya kwanza huzima uvimbe na wekundu, chunusi hunywea, na ngozi huonekana nyororo. Mtumiaji huisifu na kuwapa wenzake. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, chunusi hurudi kwa wingi, na akiacha kuipaka uso huwaka kama moto. Katika jua la Turkana, ngozi iliyopunguziwa rangi yake imevuliwa pia kinga ambayo rangi hiyo ilikuwa ikiitoa. Zaidi ya hayo, jua likiiunguza huilegeza, na vinyweleo vile vile vilivyokusudiwa kufichwa huonekana vikubwa zaidi.

Sheria haikunyamaza. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kiwango hicho kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, swali huzuka lenyewe: habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi ni habari kwa nani?

Utaratibu unaofaa

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, mkazi wa Lodwar au Kakuma anayetaka kupunguza mng'ao wa uso anaweza kufuata utaratibu usiohitaji maji wala fedha nyingi.

Kwanza, uso unawishwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa sabuni isiyo kali. Nusu kikombe cha maji na kitambaa safi vyatosha. Mchana, mafuta yakizidi, yagusishwe kwa karatasi laini au kitambaa kikavu bila kusugua. Pili, ipakwe losheni nyepesi yenye maji mengi kuliko mafuta, isiyoziba vinyweleo. Mafuta mazito ya mgando yawekwe kwa mikono, miguu na midomo, ambako ukavu ndio tatizo. Tatu, panapowezekana, losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi ipakwe kabla ya kutoka, na asiyeweza kuinunua avae kofia pana au ushungi. Nne, poda kidogo ipakwe juu. Tano, kati ya bidhaa zinazozibua au kugusa utendaji wa ngozi ichaguliwe moja tu, ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya kwa siku mbili, kisha ipewe majuma manane kabla ya kuhukumiwa.

Kopo lisilo na orodha ya viambato, lisilo na jina la mtengenezaji, au linaloahidi weupe kwa siku saba, lirudishwe rafuni. Anayejikuta amekwisha kutumia krimu ya kuchubua kwa muda mrefu asiiache ghafla bila ushauri. Aende katika kituo cha afya akiwa na kopo lenyewe mkononi, kwa kuwa mhudumu atahitaji kujua kilichomo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mng'ao wa uso ni matokeo ya kawaida ya joto na mafuta ya ngozi, kwamba vinyweleo havifungiki bali hupunguziwa tu kuonekana, na kwamba njia salama za kufanya hivyo ni chache, nafuu na za polepole. Yameonyesha pia kwamba hatari kubwa zaidi haitokani na njia hizo, bali na bidhaa nyingine inayouzwa kwa kisingizio cha jina lao.

Kazi inayobaki ni ya wanaisimu sawa na ilivyo ya waganga. Istilahi zikiundwa na kuishia katika kamusi ya maktabani, hazimsaidii msichana aliyesimama mbele ya rafu Kakuma akiwa na shilingi mia mbili mkononi. Zikiingia katika vijitabu vya zahanati, vipindi vya redio za jamii, masomo ya shule za kambini na vinywa vya wauzaji wenyewe, zitamwezesha kuuliza swali moja ambalo kwa sasa ni vigumu kuliuliza: je, krimu hii inafifisha mng'ao, au inachubua? Muuzaji atakayeulizwa hivyo atalazimika kujibu moja kati ya mawili, na jibu lolote atakalotoa litakuwa limemfaa mnunuzi.